Usipitie kwenye Kiingereza: ushauri kwa anayeanza Kifaransa

Katika jaribio langu la kwanza la Kifaransa niliandika "Je suis vingt ans", na mwalimu akaipigia sentensi hiyo mstari mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeitunga kwanza kichwani kwa Kiingereza, lugha niliyosomea masomo mengine yote, kisha nikayahamisha maneno yake moja baada ya jingine. Ilinichukua muda kutambua kwamba jibu sahihi nilikuwa nalo tangu utotoni, kwa sababu sisi husema "nina miaka ishirini", na Mfaransa naye husema "j'ai vingt ans", ambapo "j'ai" ndiyo hiyo hiyo "nina". Tangu nianze kufundisha nimelisahihisha kosa hilo mara nyingi sana, na ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako ni kwamba, hata kama kitabu chako kinafafanua kila kitu kwa Kiingereza, uizoeze akili yako kutoka kwenye Kiswahili moja kwa moja hadi kwenye Kifaransa.

Anza na kitenzi "avoir", yaani kuwa na, na uone kinavyokwenda sambamba na lugha yako. Mwenye njaa husema "j'ai faim", mwenye kiu "j'ai soif", mwenye usingizi "j'ai sommeil", mwenye hofu "j'ai peur", na mwenye haja ya kitu "j'ai besoin de". Katika yote haya Kiingereza hutumia njia nyingine, lakini Kiswahili husema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina hofu, nina haja ya. Hata "il y a", ambayo wanaoanza huikariri kama kifurushi kisichofunguka, inafunguka kwa Kiswahili: "y" inaashiria mahali na "a" ni umbo la kuwa na, kama vile "kuna" ilivyoundwa kwa "ku" ya mahali na "na" ya kumiliki. Kwa hiyo "il y a des gens" ni "kuna watu", na ukishaliona hilo hutalisahau.

Kosa la pili linalotokana na kupitia Kiingereza ni "je suis lire" au "je suis parler", ambalo mwanafunzi huliandika akitaka kusema kwamba anasoma au anaongea wakati huu. Kifaransa kina umbo moja la kawaida la wakati uliopo, nalo linatosha kabisa, kama "ninasoma" inavyotosha kwetu: "je lis". Vivyo hivyo, ukitaka kusema "nipo hapa tangu asubuhi", sema "je suis ici depuis ce matin", kwa wakati uliopo, kwa maana hali hiyo bado inaendelea. Baadaye utakutana na sentensi kama "je veux qu'il aille", ambayo huwatesa wengi, na hapo ukumbuke "nataka aende": kitenzi cha pili kinabadilika umbo kwa sababu jambo hilo linatakiwa tu na bado halijatendeka, kama ile "e" yetu ya mwisho inavyoonyesha.

Nafasi ya kiwakilishi cha mtendwa nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Ukiulizwa kama unakiona kitabu, unajibu "ninakiona", na "ki" inakaa kabla ya mzizi wa kitenzi. Mfaransa hujibu "je le vois", na "le" inakaa kabla ya kitenzi vilevile. Mwanafunzi anayeandika "je vois le" ameongozwa na Kiingereza, wala hakuongozwa na lugha ya mama yake. Katika ukanushi pia tunakaribiana, kwani "ninasoma" inapogeuka kuwa "sisomi" kitenzi kinapata alama mbele na nyuma, "si" mwanzoni na "i" mwishoni, na Kifaransa hukizingira kitenzi kwa "ne" na "pas": "je ne lis pas". Katika mazungumzo utawasikia wenyewe wakiiacha "ne", lakini wewe katika maandishi usiiache kamwe.

Sasa nije kwenye jinsia ya nomino, ambayo wanaoanza huiogopa kuliko kitu kingine chochote. Wanauliza kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume, nami huwarudishia swali: kwa nini kitabu kiko katika ngeli ya KI-VI na mkate uko katika ngeli ya U-I? Hakuna aliyetueleza sababu tulipokuwa watoto. Tulisikia tu "kitabu kizuri" na "mkate mzuri" mpaka sikio likakataa kinyume chake. Mtu anayezimudu ngeli zote za Kiswahili hana sababu ya kuhofia lugha yenye makundi mawili tu. Upatanisho wenyewe tumeuzoea: tunaposema "kile kitabu kikuukuu kimeuzwa", ngeli inaonekana katika kila neno, na Mfaransa anaposema "ce vieux livre est vendu" kisha, kwa gari, ambalo kwao ni la kike, "cette vieille voiture est vendue", anafanya kazi hiyo hiyo ya kuyapatanisha maneno na nomino inayotawala.

Tofauti iliyopo ni kwamba nomino ya Kiswahili mara nyingi huonyesha ngeli yake usoni, ilhali nomino ya Kifaransa huificha. Katika mwaka wangu wa kwanza nilijaza daftari zima nomino zilizoandikwa peke yake, "table", "livre", "école", na mwaka wa pili nikalazimika kurudia kazi yote upya, kwa sababu nilijua maana za maneno lakini sikuweza kujenga nayo sentensi hata moja iliyo salama. Andika nomino pamoja na "un" (ya kiume) au "une" (ya kike) tangu siku ya kwanza. Ninapendekeza hizo kuliko "le" na "la" kwa sababu mbele ya irabu, na mbele ya "h" nyingi, "le" na "la" zote hugeuka kuwa "l'", na jinsia ikapotea: "l'école" na "l'hôpital" hazikuambii chochote, bali "une école" na "un hôpital" zinakuambia kila kitu.

Miisho ya maneno itakusaidia pia. Karibu nomino zote zinazoishia kwa "-tion" ni za kike, na nyingi za "-té" zenye maana dhahania, kama "liberté" na "santé", ni za kike vilevile. Nyingi za "-ment", "-isme" na "-age" ni za kiume, ingawa "plage", "page", "image" na "cage" zimekaidi, na "-eau" kwa kawaida ni ya kiume isipokuwa "eau" na "peau". Usizikariri kanuni hizi kabla ya kuyajua maneno yenyewe. Zitumie kuyapanga yale uliyokwisha kukutana nayo.

Kuhusu umilikaji, Kiswahili kinakusaidia kwa namna ya kupendeza. "Son" na "sa" hazifuati jinsia ya mwenye kitu. Zinafuata kitu kinachomilikiwa, kama vile "kitabu chake" na "nyumba yake" zinavyobadilika kwa kufuata kitabu na nyumba. "Sa mère" ni mama yake, awe mwenyewe ni mvulana au msichana. Angalia tu kwamba mbele ya irabu "sa" huwa "son", kama katika "son amie", kwa ajili ya wepesi wa kutamka. Lakini "yeye" yetu haibagui mwanamume na mwanamke, na hapo ndipo Mswahili huteleza, akaanza kumsimulia dada yake kwa "elle" na kumaliza kwa "il". Jizoeze kwa kusimulia habari za mtu mmoja kwa dakika mbili nzima bila kuchanganya.

Yapo mambo ambayo Kiswahili hakitakusaidia, na ni heri uyajue mapema. Sisi hunywa maji na kula mkate bila kuongeza neno lolote, ilhali Mfaransa lazima aonyeshe kwamba ametwaa sehemu ya kitu: "je bois de l'eau", "je mange du pain", na akikanusha husema "je ne mange pas de pain". Pia, vitenzi vyetu vinatamka mtendaji wake waziwazi kwa "ni", "u" na "a", lakini "parle", "parles" na "parlent" hutamkwa sawasawa. Kwa hiyo neno la mtendaji haliwezi kuachwa.

Wakati uliopita nao una mgawanyiko ambao kwetu haupo. "Amekula" na "amekwenda" zimeundwa kwa namna moja, lakini Mfaransa husema "il a mangé" na "il est allé". Vitenzi vingi huchukua "avoir". Vichache, kama kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuzaliwa, kufa, kubaki na kuanguka, huchukua "être", yaani kuwa, pamoja na vile vyote vinavyolingana na "ji" yetu, kama "je me suis lavé". Vile vya kundi la mwendo na kubaki hupatana na mtendaji, ndiyo maana mwanamke huandikwa "elle est allée". Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa vitenzi hivi vichache, kwa sababu kimoja kisipojulikana kitakurudia katika kila simulizi.

Katika hesabu, Ufaransa husema 70 kama sitini na kumi, "soixante-dix", na 90 kama ishirini mara nne na kumi, "quatre-vingt-dix". Lakini ukisikia ndugu zetu wa Congo, Burundi au Rwanda wakisema "septante" na "nonante", usidhani wamekosea; ni Kifaransa kilichokuja kwa njia ya Ubelgiji. Jifunze yote mawili kwa sikio, kisha utumie yale ya mwalimu wako.

Ukifika kwenye mtihani wa DELF A1, yaani ule wa cheti cha Kifaransa wa ngazi ya mwanzo, alama ni 100, 25 kwa kila stadi kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni kupata 50 bila kushuka chini ya 5 katika stadi yoyote. Sehemu ya kuandika huwa na fomu ya kujaza na maandishi mafupi ya maneno yasiyopungua 40. Katika maneno hayo 40, pitia kwanza vitenzi na watendaji wake, kisha kila nomino na kijineno kilichoitangulia, kisha vivumishi, na ubakishe dakika chache za kusoma kazi yako kimyakimya, neno baada ya neno, ukiyatazama hata yale maherufi yasiyotamkwa.