Kila kitu kikiganda, wakati unakwenda wapi?

Swali lenu la wiki: vitu vyote ulimwenguni vikiacha kubadilika, wakati utaendelea kupita? Mimi nasema hautapita, kwa kuwa hakutakuwa na kitu cha kupita.

Huku Tanga, pale Deep Sea, maji yakipwa mashua zinalala ubavu topeni. Muulize nahodha mnatoka lini, atakwambia maji yakijaa. Leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho ni kama saa tano kasoro dakika kumi, maana mwezi nao umesogea. Vijana wanachungulia simu. Lakini saa ya simu ina lipi la ziada? Tangu 1967 sekunde moja ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu. Nahodha na kijana wote wanapima mwendo kwa mwendo mwingine. Kijana ana kipimo kizuri zaidi, basi.

Mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, aliandika mwaka 1687 kwamba wakati wa kweli hutiririka wenyewe, sawasawa, bila kutegemea chochote. Mwanafalsafa Mjerumani, Leibniz, akakataa: wakati ni mpangilio tu wa mambo yanavyofuatana. Niko upande wake. Saa za satelaiti za GPS hutangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 (sehemu za milioni za sekunde) kila siku, si kwa ubovu bali kwa kuwa wakati wenyewe kule juu huenda tofauti na huku chini; zisiporekebishwa ramani ya simu itakupoteza. Hilo halimpi Leibniz ushindi, ila mtiririko mmoja wa Newton ulio sawa kwa wote haupo tena.

Anayenisumbua hasa ni mwanafalsafa wa Marekani, Sydney Shoemaker. Mwaka 1969 alitoa mfano wa dunia yenye maeneo matatu. La kwanza huganda mwaka mzima kila baada ya muda, zamu yake ikiwa kila mwaka wa tatu. La pili kila wa nne. La tatu kila wa tano. Walioganda hawajui kitu, husimuliwa na majirani. Sasa piga hesabu: mwaka wa 60 wote wanaganda pamoja, na hakuna wa kumsimulia mwenzake. Kanuni ile ile waliyoiamini siku zote inawaambia mwaka umepita bila lolote kutokea!

Hoja kali, nakiri. Lakini niambieni: mwaka huo ukiisha, nini kinawagandua? Hakuna kilichosogea, hakuna kilichopungua wala kuongezeka. Ibaki kusema ni wakati wenyewe uliowaamsha kwa kupita tu, na mimi sijaona kitu chochote kikisukumwa na kupita kwa wakati peke yake. Hata embe haliivi kwa siku, huiva kwa yanayotokea ndani yake. Anayemtetea Newton aanzie hapo.

Msomaji, Tanga