Besi inayovuma katika sebule ndogo
Ndugu yangu, umeeleza kwamba sebule yako ya Nyakato ina mita 3 kwa 4, sakafu ya vigae, na kwamba besi, yaani sauti nzito ya chini, inavuma hadi maneno ya mwimbaji hayasikiki. Spika ndefu za kusimama chini ni kubwa mno kwa chumba hicho. Ndogo za juu ya stendi, zenye koni ya besi ya kipenyo cha inchi 5 au 6, zingekutosha. Hata hivyo, kabla hujatoa fedha, ondoa ulizo nazo kwenye kona, kwa kuwa kuta zinazokutana hukuza besi, uzisogeze angalau nusu mita kutoka ukutani, na umbali kati yake ukaribiane na ule wa kutoka kwako hadi kila moja. Kisha tandika zulia, maana vigae vitupu hurudisha sauti kali. Kochi pia lisiegemee ukuta wa nyuma.