Shangazi, na Wewe Ulijua?

Filamu ilikuwa imekwisha lakini hatukunyanyuka. Kwenye skrini yalikuwa yakipita majina ya miji, safu kwa safu, miji ambako mapadre waliwadhulumu watoto kingono na habari zikafichwa. Ilikuwa Spotlight ya mwaka 2015, inayosimulia jinsi waandishi wa gazeti la Boston Globe walivyoianika kashfa ya Jimbo Kuu la Boston mwaka 2002. Binti wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kwa kipaimara, akanigeukia: "Shangazi, na wewe ulijua?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kila kundi lina wabaya wake, mapadre wema ni wengi, na wapo watu wanaofurahi Kanisa likianguka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, lakini wakubwa waliokuwa wanawahamisha mapadre hao parokia hadi parokia je?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimekimbilia kulitetea Kanisa kabla sijamwonea uchungu hata mtoto mmoja kati ya wale.

Mkatoliki mwenzangu, mtoto akikuuliza swali kama hilo, usianze na utetezi. Na kabla hajakuuliza, soma mwenyewe. Mimi nilikuwa nimezoea kusema ni maneno ya maadui, mpaka nilipokutana na taarifa ya Chuo cha John Jay cha New York ya mwaka 2004: makleri 4,392, yaani mapadre na mashemasi, walioshutumiwa kuwadhulumu watoto Marekani kati ya 1950 na 2002. Utafiti huo uliagizwa na maaskofu wa Marekani wenyewe. Nchini Ufaransa, tume huru iliyoundwa kwa ombi la maaskofu na wakuu wa mashirika ya kitawa ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wapatao 216,000 walidhulumiwa na makleri na watawa tangu 1950. Nilisoma hiyo namba nikafunga simu, nikakaa kimya muda mrefu.

Kweli, filamu nyingine hutukosea. Huwa naumia nikiona padre wa kwenye tamthilia anakwenda kusimulia aliyoyasikia kitubioni, kana kwamba siri ya maungamo, ambayo padre haruhusiwi kamwe kuivunja, ni siri ya kawaida. Mweleze kijana ukweli huo, ni haki yake kuujua. Ila usiufanye mlango wa kutorokea. Kosa la mwandishi wa tamthilia halimfuti mtoto aliyeumizwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni hawa walioondoka. Nina rafiki ambaye kila Pasaka nilikuwa namtumia ratiba ya Misa, miaka nenda rudi, naye hajibu. Siku moja tumekaa, akawa anakunja risiti mkononi, anakunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama ukucha, ndipo akaniambia alichofanyiwa akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliyemfanyia alikuwa padre. Mama yake alipoambiwa, alimwambia anyamaze asije akalichafua Kanisa.

Ninayo imani inayonishikilia nibaki. Mtakatifu Augustino aliwajibu Wadonato, Wakristo waliodai kwamba ubatizo wa mhudumu asiyestahili ni batili, zamani sana kwamba ubatizo ni wa Kristo, hata mhudumu akiwa mwovu. Naamini hivyo kwa moyo wote, ndiyo maana bado napiga magoti. Lakini siku ile sikumtajia Augustino, na nakuomba na wewe usimtaje mbele ya mtu mwenye jeraha la aina hiyo. Nilimwambia, "Nakuamini. Na nisamehe kwa zile ratiba." Akalia, nami nikalia. Hakurudi kanisani, wala sijamwomba arudi.

Kwa walio ndani bado, kuna kazi. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Vos estis lux mundi, na mwaka 2023 ikawa ya kudumu. Inawabana makleri na watawa wote kutoa taarifa wanapojua au kushuku dhuluma, inamlinda anayeripoti asilipiziwe kisasi, na inalitaka kila jimbo liwe na mahali panapojulikana pa kupokea malalamiko. Desemba 2019 aliondoa pia siri ya kipapa, yaani ule usiri mkali wa Vatikani, kwenye kesi hizi. Hayo hayaondoi polisi. Mtoto akidhulumiwa, polisi wanapaswa kujua, hata kama parokia nzima inakushauri mmalizane ndani kwa ndani.

Baada ya Misa moja nilimfuata paroko, nikamuuliza namba ya kuripoti ya jimbo letu ni ipi. Hakuwa nayo kichwani. Aliingia ofisini, akapekua faili mbili, akarudi na karatasi. Nilimwomba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa maandishi makubwa, chini kiasi, mtoto aweze kuisoma. Jumapili iliyofuata ilikuwa pale. Binti wa kaka yangu aliinakili kwenye simu yake mbele yangu, kisha tukaingia kanisani.