Kwa aliyeiacha Agents of S.H.I.E.L.D. njiani: rudi kwa ajili ya msimu wa nne

Mwanzisha mada ameeleza kwamba aliiacha Agents of S.H.I.E.L.D., tamthilia ya Marvel kuhusu timu ya majasusi wa shirika la S.H.I.E.L.D., katikati ya msimu wa kwanza, na sasa anauliza kama sifa anazozisikia kuhusu msimu wa nne ni za kweli au ni ushabiki tu. Mimi nimeifuatilia tangu ilipoanza kurushwa na ABC Septemba 2013 hadi ilipofungwa Agosti 2020, na jibu langu ni kwamba sifa hizo ni za kweli, kwa sababu waandishi walibadili namna ya kuupanga msimu wenyewe. Nitataja mambo ya ndani, hivyo asiyependa kuharibiwa uhondo aruke hadi aya ya mwisho.

Sehemu 22 ni nyingi mno kwa hadithi moja. Katika misimu ya mwanzo adui alidokezwa mapema, akafichwa, kisha katikati tukajaziwa sehemu ambazo timu inasafiri, inakamata kifaa cha ajabu na kurudi kwenye ndege yake. Msimu wa kwanza ulilazimika hata kuisubiri filamu ya Captain America ya Aprili 2014 ndipo siri ya Hydra, kundi la maadui lililojipenyeza ndani ya S.H.I.E.L.D., itoke, na kwa miezi mingi tulimtazama Grant Ward, mmoja wa timu, kama kijana mtiifu asiye na ladha, kumbe ni mtu wa Hydra na ladha yote ilikuwa imewekwa akiba.

Msimu wa nne, ulioanza Septemba 2016, uligawanywa katika hadithi tatu fupi: ya Ghost Rider, mlipiza kisasi ambaye kichwa chake hugeuka fuvu linalowaka moto, ya roboti wanaofanana na watu, na ya ulimwengu wa ndani ya kompyuta, uitwao Framework, ambamo Hydra ndiyo serikali. Kinachoziunganisha ni kitabu cha uchawi kiitwacho Darkhold. Coulson, kiongozi wa timu, na mwanasayansi Fitz wanapokwama kati ya ulimwengu wetu na mwingine, anayepewa kitabu hicho akisome ili awarudishe ni Aida, roboti aliyetengenezwa na mwanasayansi Dakta Radcliffe, kwa kuwa wanadamu wanaokisoma hupagawa. Anawaokoa kweli, lakini yale aliyoyasoma hayamtoki tena. Hapa ndipo nilipoanza kuwaamini waandishi, maana adui mkubwa wa msimu hakuletwa kutoka sayari nyingine wala maabara ya siri, bali alitengenezwa na watu wa nyumbani kwa nia njema kabisa.

Sehemu ya 15, iitwayo Self Control, iliyoandikwa na kuongozwa na Jed Whedon, mmoja wa wasimamizi wakuu wa tamthilia hii, ndiyo ningemwonyesha mtu yeyote anayedai kwamba hadithi za mashujaa ni ngumi na vioo kuvunjika. Kifaa cha ukaguzi kimebaini kwamba wanne kati ya wenzao waliorudi kambini si watu. Fitz na mpenzi wake Simmons, mwanasayansi mwenzake, wanajifungia maabara ili wapange la kufanya, kisha kifaa kinawaonyesha kwamba hata kati yao wawili mmoja ni bandia. Hakuna mlipuko wala mbio; ni wapenzi wawili wanaoombana uthibitisho huku kila mmoja akimwogopa mwenziwe. Fitz anakubali kujikata mkono, na muda mfupi baadaye kisu kinaishia mguuni mwa Simmons. Daisy naye, ambaye uwezo wake ni kutetemesha vitu, baadaye anamkumbatia Simmons na kumtambua kwa mtetemo wa mifupa yake. Kwa misimu mitatu uwezo huo ulikuwa wa kubomolea kuta, na nadhani hapo ndipo ulipotumika kwa akili kuliko mahali pengine popote.

Hadithi ya tatu inauliza kila mhusika angekuwa nani kama jambo moja analolijutia lisingetokea. May, jasusi mkongwe wa timu, humo hakumuua yule binti ambaye katika maisha halisi alimuua huko Bahrain, na kwa sababu hiyo Hydra ikapata mwanya wa kutawala. Fitz alilelewa na baba yake, akawa katili anayeitwa Daktari. Jeffrey Mace, mkurugenzi ambaye ushujaa wake nje ya kompyuta ulikuwa wa kupakwa rangi, ndiye anayelishikilia jengo linaloporomoka ili wengine watoke, na anafia humo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tukiamini kwamba steringi hafi tulihitaji muda wa kulimeza hilo.

Niliitazama sehemu hiyo ya msimu na dada yangu, ambaye ni mama na kwa kawaida hana subira na mambo ya mashujaa. Yeye alishikwa na Mack, mwanatimu mwingine, ambaye ndani ya Framework anamkuta binti yake Hope akiwa hai na kukataa kutoka hata baada ya kuelezwa kwamba mtoto huyo ni programu tu. Mimi nilitaka atoke. Dada alisema wazi kwamba yeye asingetoka, na mabishano yetu yaliendelea hadi chakula kikapoa. Mwisho wa msimu, ulimwengu ule unapofutwa, Hope anatoweka mikononi mwa baba yake. Waandishi hawakumpa Mack njia ya mkato, na sikuona kama walimwonea.

Kasoro zipo. Siasa za maseneta na wale Watchdogs, kundi linalowachukia watu wenye uwezo wa ajabu, zinachosha, na Ghost Rider kurudi katika sehemu ya mwisho ili Aida apatikane wa kummaliza ni utatuzi uliokuja kirahisi. Gabriel Luna, anayemwigiza Ghost Rider, anaigiza vizuri mno, hasa kwenye matukio ya nyumbani na mdogo wake anayetumia kiti cha magurudumu, kiasi kwamba nilitamani apewe nafasi zaidi ya hizo sehemu nane za mwanzo.

Ndugu mwanzisha mada, usirukie msimu wa nne moja kwa moja. Anza na sehemu ya 17 ya msimu wa kwanza, endelea hadi mwisho wake, kisha tafuta sehemu ya 17 ya msimu wa pili, inayoeleza kilichotokea Bahrain, na ya 5 ya msimu wa tatu, ambayo karibu yote ni ya Simmons akiwa amekwama kwenye sayari ya mbali. Ukipata muda tazama pia sehemu chache za mwisho za msimu huo wa tatu, ili ujue kwa nini Daisy anaanza msimu wa nne akiwa ameikimbia timu.