Mlango wa Kuzunguka: Kwa Nini Mwanya Ni Nyuzi 60?

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wamekwama kwenye swali la mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012. Mlango wa kuzunguka una mabawa matatu yanayoligawa duara lenye kipenyo cha sentimita 200 katika vyumba vitatu vilivyo sawa. Mwanya wa kuingilia na wa kutokea ni sawa kwa ukubwa, nayo inaelekeana. Je, tao la kila mwanya liwe na urefu gani, usiozidi hapo, ili hewa isipite kwa uhuru kutoka nje hadi ndani? Wengi hujibu theluthi ya mzingo, yaani takriban sentimita 209, kwa kuwa pembe kati ya mabawa ni nyuzi 120. Lakini mwongozo wa usahihishaji unakubali majibu ya kati ya 103 na 105. Nusu hiyo imetoka wapi?
Mwalimu wa hisabati, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako wanautazama mwanya, ilhali kinachozuia hewa ni ukuta uliopinda kati ya mianya miwili. Hewa hupita pale tu chumba kimoja kinapogusa mianya yote miwili kwa wakati mmoja, na ili kifanye hivyo ni lazima kiufunike ukuta mzima ulio kati yake na kubakiza kidogo kila upande. Tao la chumba ni nyuzi 120. Kwa hiyo ukuta ulio mfupi kuliko nyuzi 120 utavujisha hewa wakati fulani wa mzunguko. Ukiwa na nyuzi 120 au zaidi, bawa la nyuma huwa limekwisha kuufikia kabla bawa la mbele halijauacha.

Kuta ni mbili, nazo zinachukua nyuzi 240 kati ya 360. Zinazobaki ni 120, ambazo mianya miwili inagawana nyuzi 60 kila mmoja, yaani sehemu moja ya sita ya mzingo. Mzingo ni takriban sentimita 628.3, na sehemu yake ya sita ni 104.7.

Jibu la 209 si kosa dogo. Mianya ikiwa na nyuzi 120 kila mmoja, kuta hubaki na nyuzi 60 tu, na ukichora mabawa yakizunguka hatua kwa hatua utaona kwamba hewa hupenya kando ya ukuta mmoja kwa nyuzi 60 za mzunguko, kisha kando ya ukuta wa pili kwa nyuzi 60 zinazofuata, bila kukoma ila kwa nukta ile bawa linapogusa ukingo. Mlango huo haujazuia chochote. Nakushauri wachore wenyewe, maana hakuna fomula itakayowaonyesha jambo hilo waziwazi hivyo. (Usawa wa mianya, kwa kweli, ni sharti la swali tu: mmoja ungeweza kuwa na nyuzi 80 na mwingine 40, na hewa isingepita.)

Kanuni hiyo hiyo huonyesha idadi ya mabawa inabadilisha nini. Kwa mabawa mawili, kila ukuta ungehitaji nyuzi 180 na pasingebaki mwanya wowote. Mabawa manne huruhusu mianya ya nyuzi 90, yenye tao la sentimita 157 hivi, lakini eneo la sakafu la kila chumba hupungua kutoka takriban mita za mraba 1.05 hadi 0.79, na mtu mwenye sanduku huanza kubanwa. Theophilus Van Kannel wa Philadelphia, aliyepewa hataza ya mlango wake nchini Marekani mwaka 1888 akikusudia kuzuia upepo, theluji na vumbi, alichora mabawa matatu.

Swali linasema «kwa uhuru» kwa sababu nzuri. Hata mlango uliopimwa sawasawa hubeba hewa: kila chumba huizingira iliyomo na kuimwaga upande wa pili, na kwa mlango huu, ukiwa na kimo cha mita 2, ni takriban mita za ujazo 2.1 kila chumba kinapovuka.