JIBU: Nimejaza chati siku 22, nikakosa moja, nimeacha yote

Mkuu mleta uzi, unauliza imekuwaje ujaze chati ya mazoezi, kusoma na kulala mapema siku 22 bila kukosa, uruke siku moja tu, halafu usiiguse tena. Nakujibu kama mtu aliyeua chati tatu kwa namna hiyohiyo. Ya nne sasa inaingia mwaka wa nne.

Kwanza hii hesabu inayozunguka kila mahali, kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Chimbuko lake ni daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Angalau! Na hapo ni kuzoea pua, si kuamka alfajiri kukimbia. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake kule London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya kwa wiki 12, utafiti ukachapishwa 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka tabia ijiendeshe yenyewe, wa haraka 18, na wa taratibu kabisa alikadiriwa kufika 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo siku yako ya 23 haikukufanya lolote. Kilichokumaliza ni siku ya 24.

Chati yangu ya kwanza ilikuwa na tabia 14. Kumi na nne, jamani. Nilitumia jioni nzima kuchagua rangi za jedwali, likadumu siku tisa. Ya pili ilikuwa programu ya simu inayohesabu mfululizo, nikafika siku 61 za kusoma kitabu. Ukweli wa zile siku za mwisho: dakika kumi kabla ya saa sita usiku, jicho moja limeshafumba, napitisha ukurasa mmoja ili namba isirudi sifuri. Hata kitabu kilihusu nini sikumbuki. Nilikuwa naitumikia namba. Ya tatu niiache, ni marudio ya ya kwanza.

Ya nne ni karatasi iliyobandikwa juu ya sinki, mistari mitatu basi. Nikikosa, kisanduku hakibaki kitupu: naandika maneno mawili matatu ya sababu. "Nimechelewa kulala." "Mgeni." "Uvivu tu." (Uvivu tu ni jibu halali, usijitungie ugonjwa.) Baada ya wiki sita nikakaa nikahesabu. Mazoezi nilikosa mara tisa, na mara saba sababu ilikuwa kuchelewa kulala. Miaka yote nilijiita mvivu wa mazoezi, kumbe kikwazo kilikuwa simu kitandani! Nikaufuta mstari wa mazoezi, nikaandika "simu nje ya chumba saa nne usiku". Mazoezi yakarudi yenyewe, karibu bila kudaiwa.

Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani wa karne ya 18, alijiwekea maadili 13 na kuweka doa jeusi kila alipokosea, huku wiki moja akikazania moja tu. Anasimulia kwamba kijitabu chake kilitoboka kwa kufutwafutwa ili kitumike upya. Mimi ningemshauri asifute, maana ushahidi wote uko kwenye madoa.

Jambo jingine, shusha kiwango cha kustahili tiki. Kwangu, kabla sijaufuta mstari wa mazoezi, tiki yake ilikuwa kuvaa raba na kutoka mlangoni baada ya kupiga mswaki. Siku nyingi nikishatoka nilikuwa naendelea, siku nyingine nilirudi ndani baada ya dakika nne, na tiki niliweka bila aibu. Hiyo "baada ya kupiga mswaki" ina kazi kubwa kuliko kengele ya simu, kwa sababu mswaki sijawahi kuusahau.

Si kila kitu kilikubali. Kuandika shajara nimejaribu mara nne, nikaufuta mstari huo nikalala usingizi mzuri.

Sasa wewe, usichapishe chati mpya wala usianze kuhesabu moja. Chukua ileile, jaza sababu kwenye visanduku vyote vitupu kuanzia ile siku ya 23, hata kama ni kwa kukumbukakumbuka, halafu tiki ya leo iwekwe panapofuata. Tena tuambie hapa: siku ya 23 ulikuwa unafanya nini usiku uliotangulia?