Maswali na Majibu: Maua ya Milimani Kwenye Hebaria (Mkusanyo wa Mimea Iliyokaushwa)

Nichukue sehemu gani ya mmea?

Mmea mdogo ung'oe mzima, na mizizi yake. Ua peke yake ni pambo tu. Anayetambua spishi huangalia pia majani ya chini, kikonyo na tunda. Uwe na kibali, na uhesabu kwanza: ikiwa mahali hapo haipo hata mimea 20, piga picha uondoke. Karatasi ya kubandikia ni kama sm 42 kwa 29, kwa hiyo mmea mrefu ukunje kama V au N ungali mbichi. Jani moja ligeuze lionyeshe mgongo.

Maua yangu ya buluu yamekuwa kahawia. Kwa nini?

Yamechelewa kukauka. Siku hiyohiyo ya kuchuma, laza mmea ndani ya gazeti lisilong'aa, juu na chini weka karatasi za kunyonya maji, kisha kadibodi yenye mawimbi ipitishe hewa, halafu ukaze kwa mikanda kati ya mbao mbili. Karatasi za kunyonya badilisha kila siku kwa siku 3 au 4 za mwanzo. Gazeti lenyewe usilibadilishe, maana petali zimeshashika. Ukifungua kesho yake utakuta mmea umelegea. Huo ndio wakati wa kunyoosha petali iliyojikunja, kwani baadaye itavunjika. Ukitumia joto, lisizidi nyuzi 45. Mmea ukiugusa ukahisi ubaridi, bado una maji.

Mmea wenye majani manene umechipua humohumo gazetini!

Haukuwa umekufa. Mwingine chovya majani na shina kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, ua libaki nje, kisha ufute maji kabla ya kukandamiza.

Niandike nini kwenye lebo?

Mahali, vipimo vya GPS, mwinuko kwa mita, tarehe, mazingira, jina lako na namba ya sampuli. Kisha yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi, harufu, utomvu, kimo. Andika palepale mlimani, kwa penseli. Wino ukilowa hutawanyika.

Wadudu je?

Funga sampuli zilizokauka kabisa kwenye mfuko wa plastiki, ziweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ukizitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe wote, la sivyo umande utatua juu ya sampuli na ukungu utafuata. Nafthalini, yaani vidonge vya kufukuzia nondo, achana nayo. Mvuke wake unakudhuru wewe mwenyewe.